Farasi Husomwa Kuanzia Kwatoni

Wachongaji wa Old Town, Lilongwe, karibu na posta, huuza sataranji za mbao, na kete ya kutazama kwanza ni farasi. Mfalme anaweza kusimama tuli na kazi yake ikawa imekamilika, ngome vilevile. Farasi sharti aonekane anakwenda. Huyu aliyeko mezani kwangu ana kichwa, shingo, kisha kitako cha duara. Hana miguu wala mpandaji.

Zamani alikuwa navyo vyote. Kete za Lewis, zilizochongwa kwa pembe za walrasi katika karne ya 12 na kupatikana Scotland mwaka 1831, zina farasi mzima na askari juu yake, mkuki mkononi na ngao ubavuni. Mwaka 1849 Nathaniel Cooke alisajili London muundo uitwao Staunton, ambao leo umeenea dunia nzima, na humo farasi amebaki kichwa na shingo tu. Sataranji inaimudu hasara hiyo kwa sababu ubao wenyewe ndio ardhi. Miraba 64 imekwisha kumwonyesha mchezaji farasi yuko wapi na anaweza kurukia wapi. Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka vijana hucheza drafti kwa visoda, vya huyu vimefunikwa, vya yule vimefunuliwa, na mchezo haupungukiwi na kitu.

Mbung'o na maradhi ya farasi viliwazuia wanyama hawa kuenea katika sehemu kubwa ya nchi zetu, na Malawi hawako wengi. Mchongaji basi hujifunza farasi kutoka kwa kete nyingine kuliko kutoka kwa mnyama mwenyewe. Kwenye kete yangu jambo hilo linaonekana: taya ni fupi, paji limetokeza, macho yamekaa pembeni kabisa. Kuna mbuzi humo ndani, nami nauhesabu huo kuwa uzuri wake, kwa kuwa kichwa kimepata uhai wa mnyama ambaye fundi anamfahamu. Singa zimekatwa kwa patasi, mapigo mafupi yaliyolala kwenda nyuma, yakirefuka kadiri yanavyoshuka shingoni. Kisha amepakwa kiwi nyeusi ya viatu na kufutwa kwa kitambaa. Juu ya matuta kiwi imeondoka, mitaroni imebaki. Mwendo wote wa farasi huyu umo katika mistari hiyo.

Wapaka rangi wa vijisanamu vya michezo ya vita ya mezani hufuata njia hiyohiyo kwa vifaa vingine. Rangi nyeusi iliyozimuliwa kwa maji huachwa itiririke mabondeni, kisha brashi iliyokaribia kukauka hupitishwa juu ya vilele kwa rangi nyeupe zaidi. Lakini umbo lao lina shida ambayo mchongaji wa Old Town haijui. Meza ya vita haina miraba. Kila kikosi hulazimika kubeba ardhi yake chini ya kwato, na kwenda nayo kila kinakosogezwa.

Katika kanuni za De Bellis Antiquitatis, za mwaka 1990, jeshi ni vitako 12, na kwa sanamu za milimita 15 kila kitako kina upana wa milimita 40. Wapanda farasi wepesi huwekwa wawili. Wapanda farasi wa kawaida huwa watatu. Wale waliofunikwa deraya, wao na farasi wao, hubanwa wanne. Upana haubadiliki, kinachobadilika ni nafasi kati ya mtu na mtu, na nafasi hiyo ndiyo inayosema jinsi wanavyopigana. Wawili walioachana ni watu wa kurusha mkuki na kugeuza. Wanne waliogusana magoti ni ukuta unaokuja.

Nitazame kitako kimoja cha hao wawili: Wanumidia, watu wa Afrika Kaskazini ambao wapanda farasi wao, chini ya mfalme wao Masinissa, walikuwa upande wa Roma dhidi ya jemadari Hannibal katika vita vya Zama mwaka 202 KK. Walipanda bila matandiko na bila hatamu. Kwenye Nguzo ya Trajan kule Roma, ya mwaka 113 BK, wapanda farasi wa Kimauri wamechongwa hivyohivyo, kanzu fupi tu mwilini na farasi wasio na lijamu. Kwa mpaka rangi huu ni mtihani mkali. Hakuna mkanda mwekundu wa kupumbaza jicho, hakuna shaba ya kung'arisha. Kuna ngozi ya mtu na ngozi ya farasi, basi. Farasi wa kahawia ana singa nyeusi, mkia mweusi, na miguu inayoingia weusi kuanzia magotini. Anayempaka kahawia tupu hadi kwatoni amepaka mbao. Kitako hiki kimepakwa vizuri. Weusi wa miguu umeingia polepole, na farasi wa pili ana soksi moja nyeupe yenye ukwato uliopauka, kama ilivyo kwa farasi halisi.

Ila chini yao kuna majani ya kijani kibichi, malisho ya Uingereza baada ya mvua. Wapaka rangi wengi mno humaliza kazi hivyo, na hapo ndipo kikosi kinapokufa. Hata kama nchi ya Zama ingekuwa na majani siku ile, haya hayana uhusiano wowote na miguu inayoyakanyaga. Miguu ni misafi. Farasi wamegundishwa juu ya zulia.

Dawa yake nimeiona Dzaleka, kilomita arobaini na kitu kutoka Lilongwe, katika wilaya ya Dowa, kambi iliyofunguliwa 1994 mahali palipokuwa gereza, na ambako Kiswahili cha Kongo na Burundi utakisikia kila kona. Kabla ya mvua, vumbi jekundu la Dowa huwapanda watu. Tazama pindo za suruali: chini ni nyekundu kabisa, juu kidogo ni hafifu, gotini limekwisha. Anayepita pale hubeba rangi ya pale.

Hivyo ndivyo kitako kinavyopaswa kutengenezwa. Udongo wa kitako uchekechwe kwa kitambaa chepesi, kwa sababu sanamu ya milimita 15 ni mtu mzima, na punje ya milimita moja kwake huwa jiwe la sentimita 11. Gundi ya mbao hulifanya vumbi liwe jeusi zaidi likikauka, kwa hiyo lazima lipitiwe tena kwa brashi kavu, rangi iliyopauka. Na rangi ileile, kabla haijaisha kwenye brashi, ipandishwe kwenye kwato, ikwee hadi kwenye vifundo, ikomee hapo. Tumbo liachwe na kivuli chake. Mguu na ardhi vikishirikiana rangi moja, farasi amefika mahali.

Wale wanne wa deraya wanadai hesabu nyingine. Mmoja niliyemwona ana vumbi hadi kwenye kofia ya chuma, limesambazwa sawasawa, na uzito wote umepotea. Anafanana na kitu kilichosahaulika stoo. Vumbi lao lingekaa kwenye pindo za deraya ya farasi tu, na zito zaidi kwa wawili wa katikati, wanaokula vumbi la jirani pande zote mbili.