Kwanza Hadi Kileleni

Bendera ya nusu mlingoti haikai nusu tangu mwanzo. Nchini Marekani, mtu anayeijua kazi hii, awe mfanyakazi wa posta katika mji mdogo au askari wa zamu kwenye ikulu ya gavana, huivuta kwanza kwa wepesi mpaka kileleni, kapi likilia, akaiacha hapo kitambo kidogo, ndipo akaishusha taratibu hadi katikati. Jioni, kabla ya kuiteremsha kabisa, huipandisha tena mpaka juu. Kanuni ya Bendera ya nchi hiyo imeyaandika hayo waziwazi. Mpita njia wa saa nne asubuhi huikuta bendera imeshatulia katikati na kujua kuna msiba. Ile safari ya kwenda juu huijua mwenye kamba.

Naipenda kazi hii kwa sababu ya safari hiyo. Aliyeipanga angeweza kuridhika na kamba kufungwa mahali panapotakiwa, basi. Badala yake alitaka heshima kamili itolewe kwanza, kisha ndipo hasara ionyeshwe. Tena alitaka iwe nusu hasa, yaani katikati ya ncha na kitako cha mlingoti, kwa maana bendera iliyoteremshwa kidogo tu huonekana kama kamba iliyolegea, na anayeipita hajui kama amepita msiba au uzembe.

Jumatatu ya mwisho ya Mei, siku ya kuwakumbuka waliokufa wakiwa jeshini, kazi huwa ndefu zaidi: bendera hukaa nusu mlingoti hadi saa sita mchana tu, kisha hupandishwa kileleni na kubaki huko mpaka jua lizame. Mwenye kamba hawezi kuifunga asubuhi akaenda zake. Na tangu sheria ya 2007, gavana akitangaza maombolezo ya askari wa jimbo lake aliyefariki akiwa kazini, ofisi za serikali kuu zilizomo jimboni humo nazo hulazimika kufuata. Kifo kilichotokea jangwani, maelfu ya kilomita kutoka hapo, hufika asubuhi mikononi mwa mtu ambaye huenda hakumjua marehemu hata kwa sura, naye huvuta kamba.

Kutanguliza uhai kabla ya kifo kumo pia katika bendera nyingine, ndogo zaidi, ya madirishani. Mwaka 1917 Kapteni Robert Queisser wa Ohio, baba wa vijana wawili waliokuwa jeshini, alibuni kitambaa cheupe chenye ukingo mwekundu na nyota ya buluu kwa kila mwana aliyekwenda vitani. Bendera hiyo ilienea majumbani, kisha makanisani, mashuleni na viwandani, ikiwahesabu wote waliotoka pale. Askari akifa, nyota ya dhahabu hushonwa juu ya ile ya buluu.

Hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo. Masharti yanataka nyota ya dhahabu iwe ndogo kuliko ya buluu, ili buluu ibaki ikiizunguka kama pindo la kanga. Ingekuwa rahisi zaidi kuifumua ya zamani na kushona mpya mahali pake. Nyota juu ya nyota inadai ncha tano zilingane na ncha tano. Sindano ikikosea kidogo, ukingo unakuwa mpana upande mmoja na kumezwa upande wa pili. Shida hiyo yote ni kwa ajili ya utepe mwembamba wa buluu, na utepe huo unasema kwamba huyu alikuwa hai humu ndani, alihesabiwa miongoni mwa walio hai. Sijui ishara nyingine ya msiba iliyobeba jambo kubwa kiasi hiki kwa kitambaa kidogo hivi.

Bendera nyeusi ya mateka wa vita na waliotoweka ni ya wale ambao familia zao hazina hata kaburi la kulizuru. Ilianzia kwa Mary Hoff, mke wa rubani aliyetoweka katika vita vya Vietnam, aliyewaendea watengenezaji wa bendera akitaka iwepo ya watu kama mumewe. Kazi ya kuichora ikamwangukia Newt Heisley, ambaye mwenyewe aliwahi kurusha ndege za kijeshi katika Vita Kuu ya Pili. Alimchora mwanawe, kijana aliyerudi kutoka mafunzo ya jeshi akiwa amekondeshwa na maradhi: kichwa kimeinama, sura ni kivuli kitupu, nyuma yake mnara wa mlinzi, na waya wa seng'enge. Rangi zilikuwa zije baadaye. Hazikuja, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo bahati ya bendera ile. Sura isiyo na macho inaweza kupokea uso wa yeyote anayesubiriwa. Tangu 2019 sheria inataka ipepee kila siku, pamoja na bendera ya taifa, kwenye Ikulu ya Marekani, Bungeni, kwenye makaburi ya kitaifa na kwenye ofisi za posta. Mlingoti ukiwa mmoja, hukaa chini ya ile ya taifa.

Bendera ya jeneza, yenye upana wa futi tano na urefu wa futi tisa na nusu, inadai ufundi wa aina nyingine. Hulazwa sehemu ya nyota ikiwa kichwani, juu ya bega la kushoto la marehemu, na haiteremki naye kaburini. Askari waliosimama pande mbili huikunja mara mbili kwa urefu, kisha kuanzia mwisho wa mistari huigeuza pembetatu juu ya pembetatu, wakiikaza kila mara, maana pembe ya kwanza ikilegea zote zitakazofuata zitapinda. Mwishoni nyekundu yote imemezwa ndani. Mikononi mwa familia hufika buluu na nyota nyeupe tu.

Pembetatu hiyo na nyota ile yenye ukingo wa buluu zilikutana katika kazi ya George Lutz wa Virginia, ambaye mwanawe aliuawa Iraq mwaka 2005. Alitafuta bendera ya taifa inayowahusu waliouawa peke yao, asiione, akaibuni mwenyewe na kuizindua mwaka 2008 kwa jina la Honor and Remember, yaani Heshimu na Kumbuka. Ina uwanja mwekundu na mweupe, nyota ya dhahabu ndani ya buluu, mwali wa moto katikati yake, bendera iliyokunjwa chini yake, na maneno. Jicho la mchoraji lingepunguza. Heisley aliacha zaidi na kupata zaidi. Lakini kila nikiitazama siwezi kuonyesha kipande ambacho baba huyu angekitoa. Majimbo kadhaa yameikubali rasmi, na ziko zinazotengenezwa kwa ajili ya familia moja moja, zikiwa na jina la askari limeandikwa juu ya kitambaa chenyewe.