Saa ya Kike ya Thamani na Vumbi la Tawa

Tarehe 8 Juni 1810, Caroline Murat, Malkia wa Naples na dada yake Napoleon, alimwagiza fundi Abraham-Louis Breguet wa Paris amtengenezee saa ya kuvaliwa mkononi, na kazi hiyo, iliyomalizika mwaka 1812, ndiyo saa ya mkono ya kwanza ambayo taarikhi imehifadhi hati yake: umbo lake mfano wa yai, ndani yake mna mitambo ya kugonga saa pamoja na kipimajoto, na mkanda wake umesokotwa kwa nywele na nyuzi za dhahabu. Kwa karne nzima baada ya hapo wanaume waliihesabu saa ya mkono kuwa kikuku tu, pambo la wanawake, wakashikilia saa zao za mfukoni hata Vita Kuu ya 1914 ilipowaonyesha askari kwamba mtu aliyeshika bunduki hana mkono wa kupekulia mfuko. Ajabu ni kwamba waliotangulia kuivaa ndio waliokuja kupunjwa, kwani mara wanaume walipoitwaa, saa ya mwanamume ilishughulikiwa kama mashine na saa ya mwanamke ikashughulikiwa kama kito. Na yeyote anayetaka leo kununua saa ya kike ya thamani, awe Nairobi au awe hapa Tawa, katika nchi ya vilima vya Mbooni, atairithi taksiri hiyo asipojua jinsi ilivyotendeka.

Ilitendeka hivi: kito kilitakiwa kiwe kidogo, na udogo huidhuru mashine. Nguvu ya saa isiyo na betri hutoka katika kamani iliyoviringishwa ndani ya pipa dogo, ikapita magurudumu kadhaa hadi kwenye gurudumu la mizani, ambalo huenda na kurudi kwa msaada wa kamani nyingine nyembamba kama unywele, na katika saa nyingi za siku hizi hupiga mapigo 28,800 kwa saa moja, yaani manane kila sekunde. Majira ya saa nzima yamo katika utulivu wa gurudumu hilo. Likiwa pana na zito kiasi, mtikiso wa mkono haulibabaishi. Likiwa dogo mno, kila kishindo, kila tone la mafuta lililokauka kidogo, kila badiliko la joto huliyumbisha, na pipa la kamani nalo, kwa kuwa limepunguzwa vilevile, halina akiba ya kufidia. Hata sheria za wenye saa zinakiri jambo hili: taasisi ya Uswisi inayopima saa, COSC, ambayo huziangalia kwa siku 15, katika mikao mitano na katika joto la nyuzi 8, 23 na 38, huitaka mashine yenye kipenyo cha zaidi ya milimita 20 isichelewe kupita sekunde 4 wala isitangulie kupita sekunde 6 kwa siku, bali mashine ndogo kuliko hiyo huiachia sekunde 5 za kuchelewa na 8 za kutangulia. Huo si upendeleo kwa wanawake. Ni maungamo kwamba udogo una gharama.

Ustadi wa udogo ulifika kileleni mwaka 1929, pale Jaeger-LeCoultre walipotoa mashine waliyoiita Calibre 101, yenye urefu wa milimita 14, upana wa milimita 4.8 na unene wa milimita 3.4, ambayo uzito wake hauko mbali na gramu moja, na ambayo Malkia Elizabeth wa Pili, yule aliyerithi ufalme Februari 1952 akiwa ziarani katika nchi yetu, aliivaa siku ya kutawazwa kwake mwaka 1953. Nafasi ya kichwa cha kutilia majira haikupatikana ubavuni, kikawekwa mgongoni. Mimi naistahi kazi hiyo kama mtu anavyoistahi nakshi ya mlango wa Lamu, lakini simshauri mtu yeyote anunue saa ya namna hiyo ili aende nayo kazini, kwa maana ilibuniwa kwa mkono wa mtu asiyebeba kitu. Nafuu yake mnunuzi wa leo ataipata katika saa zilizokataa kwenda hadi huko: Lady-Datejust ya Rolex, ambayo ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1957 na ambayo sasa ina upana wa milimita 28, imepewa kamani ya unywele iliyotengenezwa kwa silikoni na akiba ya nguvu ya saa zipatazo 55, hata mwenye kuivua Ijumaa jioni huikuta Jumapili asubuhi ingali yaenda.

Ama saa za betri, hizo zina hoja yao, na wenye kuzidharau huzidharau kwa fahari zaidi kuliko kwa ilimu. Tarehe 25 Desemba 1969 Seiko wa Japani waliuza Astron kwa yeni 450,000, bei iliyotosha kununua gari dogo wakati ule, na moyo wake ulikuwa kipande cha kwazi, jiwe ambalo likipitishwa umeme hutetemeka kwa kipimo kisichobadilika ila kidogo sana. Katika saa za leo mitetemo hiyo ni 32,768 kwa sekunde. Saa ya namna hii haidhuriki kwa udogo wa mashine kama ile ya kamani, na ndiyo maana saa nyembamba za kike zenye heshima kubwa, Tank ya Cartier ikiwa mfano, ambayo umbo lake lilibuniwa mwaka 1917, nyingi huendeshwa na betri. Anayetaka saa nyembamba sana na atake pia iende majira, basi achukue ya betri bila haya, mradi aibadilishe betri kabla haijavuja ndani.

Sasa jiwe hilo hilo la kwazi, ambalo ndani ya saa ni rafiki, nje yake ni adui, na sisi wa Ukambani tunalo la kumwaga. Mchanga wa Thwake na wa mito mingine inayokauka miezi mingi ya mwaka, ule mchanga ambao Kaunti ya Makueni iliutungia sheria mwaka 2015 kwa jinsi ulivyokuwa ukichotwa kwa malori, sehemu kubwa yake ni chembe za kwazi, na vumbi linaloingia madukani Tawa limechanganyika nazo. Katika kipimo cha ugumu alichokitunga Friedrich Mohs mwaka 1812, mwaka ule ule saa ya Malkia wa Naples ilipokamilika, kwazi iko daraja la 7, kioo cha kawaida cha saa kiko kati ya 5 na 6, plastiki iko chini zaidi, na yakuti ya kiwandani iko daraja la 9. Maana yake ni kwamba mwenye saa ya kioo cha kawaida akiipangusa vumbi kwa leso kavu huwa anaikwaruza kwa mkono wake mwenyewe, na baada ya misimu michache ya kiangazi uso umeingia ukungu. Bali mwenye kioo cha yakuti aweza kupangusa na asidhurike. Ningalikuwa na sharti moja tu la kumpa mnunuzi wa huku, lingalikuwa hilo, kabla ya dhahabu na kabla ya almasi.

Vumbi hupita pia penye upenyo, na hapa ushahidi mkubwa uliletwa na mwanamke. Oktoba 1927 Mercedes Gleitze, mwogeleaji wa mlango-bahari ulio baina ya Uingereza na Ufaransa, aliingia katika maji yale ya baridi akiwa ameifunga shingoni saa ya Rolex iitwayo Oyster, akakaa humo zaidi ya saa kumi, akatolewa kabla ya kufika ng'ambo, na saa ikakutwa yaenda. Siri ilikuwa mgongo na kichwa vinavyofungwa kwa parafujo. Kichwa cha namna hiyo ndicho kinachozuia vumbi letu pia, na mnunuzi akiulize dukani, akikumbuka kwamba maandishi ya kustahimili maji hadi mita 30 mgongoni mwa saa hayampi mtu ruhusa ya kuogelea. Hayo ni ya matone ya mvua na ya kunawa mikono, na mwenye kufua au kuteka maji atafute mita 100.

Kuna adui mwingine asiyeonekana, naye hukaa mkobani. Nilimshuhudia sokoni fundi saa kijana akimsikiliza mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliyelalamika kwamba saa aliyonunuliwa na wanawe hutangulia dakika nyingi kila siku.

"Mama, saa yako haina ugonjwa. Imeshika sumaku."

"Sumaku ya kutoka wapi, mwanangu?"

Fundi hakujibu, alichukua dira ndogo ya wanafunzi, akaisogeza karibu na saa, na sindano ikageuka kuifuata. Kisha akaisogeza kwenye kifungo cha mkoba wa mama, sindano ikazunguka kwa fujo zaidi. Mizunguko ya kamani ya unywele ikishika sumaku hugandamana, kamani ikawa kama imefupishwa, na gurudumu la mizani likaenda mbio. Aliiweka saa juu ya kijisanduku cha buluu kilichochomekwa umeme, akabonyeza, akaiinua polepole, ikawa imepona. Kamani ya silikoni haishiki sumaku, na hiyo ndiyo faida yake kubwa kwa mtu anayetia saa, simu na funguo katika mkoba mmoja.

Juu ya dhahabu sina maneno mengi. Ya karati 18 ina sehemu 750 za dhahabu katika kila 1,000, na tarakimu hiyo hugongwa kwenye dhahabu yenyewe. Iliyotiwa maji ya dhahabu hufichuka pembeni kwanza, palipo na msuguano wa mkono wa nguo na jasho. Chuma cha pua kizuri kinaishinda hiyo ya pili kwa kila hali. Mkufu wa saa nao utazamwe kwa macho ya kwetu, kwa kuwa mafundi wa Kikamba walisifika zamani kwa kuuvuta waya wa shaba na wa chuma na kuusuka mikufu myembamba iliyouzwa mbali, na mjukuu wao hana udhuru wa kuduwaa dukani: aushike mkufu ubavuni, auache uning'inie, na ukilegea mno kwa upande basi pingili zake ni za bati lililokunjwa, si za chuma kizima. Ngozi ni nzuri ila hunyonya jasho, na kwa joto la bondeni kuelekea Athi haidumu. Uso usio na tarakimu haumpi mtu wa huku taabu yoyote, maana sote tumezoea kuuona mshale juu ya saba tukasema saa moja.

Bei ya kununua ni nusu ya habari. Saa ya kamani hutaka kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta kila baada ya miaka michache, kazi ambayo kwa saa za daraja hili hufanywa Nairobi au hupelekwa ng'ambo, kwa hiyo mnunuzi aulize gharama hiyo siku ile ile ya kununua. Maneno ya kwamba saa imetengenezwa Uswisi yana maana ya kisheria, kwani tangu Januari 2017 angalau asilimia 60 ya gharama ya utengenezaji lazima itumike huko. Lakini maandishi huigwa, na Kenya haikutunga sheria ya bidhaa ghushi mwaka 2008 bila sababu. Hati ya dhamana yenye nambari inayolingana na iliyochongwa kwenye saa, pamoja na risiti ya muuzaji aliyeidhinishwa, ni bora kuliko punguzo lolote. Na pingili zitakazotolewa ili mkufu ulingane na kifundo cha mkono, fundi azitie katika kijifuko na mwenye saa aziweke pamoja na hati hizo, kwa sababu pingili za saa iliyoacha kutengenezwa hazipatikani kwa urahisi, na binti atakayeivaa baadaye huenda akawa na mkono mnene kuliko wa mama yake.