Mashine ielewe ‘lile pale’, si maneno matupu

Mnamo 1980, Richard Bolt wa MIT, Marekani, alieleza mfumo ulioitikia sauti na kidole kwa pamoja: mtu anaelekeza mkono kwenye umbo, anatamka amri, nalo linahama. Leo uhalisia pepe unaendeleza wazo lilo hilo, tufinyange maumbo kwa mkono na ulimi.

Ulimi wa nani, lakini? Kiingereza hutumia kiashiria kimoja kwa tufe na mchemraba. Kiswahili hutenga: ‘lile’ ni tufe, ‘ule’ ni mchemraba. Ngeli imeshapunguza utata kabla ya kidole kunyooshwa. Kisha kuna hapa, hapo na pale. Ukivuta ‘paaale’, umbali unaongezeka.

Mradi wa Common Voice wa Mozilla umekusanya sauti za Kiswahili, hatua ya kupongezwa. Ila nyingi ya hizo ni sentensi za kusomwa. Fundi wa Matisi, Kitale, hamsomei mwanagenzi wake sentensi. Humwambia, “Ebu kunja hapo, sio hapo, pale!” na mkono unamalizia maana.

Mashine ikifunzwa usomaji pekee, fundi huyo ndiye atakayelazimika kujifunza lugha ya mashine. Wanaisimu, turekodi mazungumzo ya karakana pamoja na ishara zake.