Kupima Ubora wa Programu ya Simu ya Urejelezaji Taka

Programu ya simu inayomsaidia mtu kurejeleza taka, yaani kuzirudisha kiwandani ili ziwe malighafi ya bidhaa nyingine, haipimwi kwa sura yake, kwa kuwa rangi ya kijani na picha za majani hazimgharimu mbunifu chochote; hupimwa kwa ukweli wa jibu linalotolewa pale mtumiaji anapouliza kama kitu alichokishika kina mnunuzi katika mtaa wake.

Mkaguzi huanza na namba za plastiki. Namba hizo, 1 hadi 7, ambazo zilianzishwa Marekani mwaka 1988, hutaja aina ya plastiki tu na hazithibitishi kwamba chombo kitarejelezwa. Iliyowapotosha watu ni mishale inayozizunguka, na ndiyo maana mwaka 2013 taasisi ya viwango ya ASTM iliibadilisha kuwa pembetatu tupu, ingawa alama ya zamani ingali imejaa madukani. Programu dhaifu ikiona namba hujibu kwamba kitu kinarejelezwa. Iliyo bora hujua kwamba namba 1, yaani PET, plastiki ya chupa za maji, hununuliwa kwa kilo katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki, ilhali namba 6, ambayo hutengenezewa vile vyombo vyeupe vyepesi vya kufungia chipsi, aghalabu haina mnunuzi, na humweleza mtumiaji hivyo bila kuzungusha maneno. Programu ambayo haijawahi kumkatalia mtu kitu haifai kuaminiwa.

Chupa moja ya maji hutosha kumtambulisha mbunifu aliyeijua kazi. Mwili wake ni PET, lakini kifuniko ni cha plastiki namba 2 au 5, na lebo huweza kuwa ya aina nyingine tena. Kipande cha chupa hiyo kikikatwa na kutiwa katika beseni la maji pamoja na kipande cha kifuniko, cha kwanza huzama na cha pili huelea, kwa sababu PET ni nzito kuliko maji na zile za kifuniko ni nyepesi, na kwa tofauti hiyohiyo viwanda huzitenganisha baada ya kuzisaga. Programu inayofundisha jaribio hili ina thamani kuliko inayojigamba kutambua kila kitu kwa kamera, maana kamera huona umbo na rangi tu, na PET angavu haitofautiani kwa macho na PVC angavu, yaani namba 3, ambayo ikichanganyika nayo hata kidogo hutoa asidi katika joto la kuyeyushia na kuharibu shehena nzima. Kamera si kosa, mradi isitoe jibu la uhakika mahali penye shaka.

Kuna mtego mwingine ambao programu zilizobuniwa kwa ajili ya miji ya Ulaya hunaswa nao. Ikiulizwa kuhusu chupa ya kioo ya soda au bia, programu ya namna hiyo humwelekeza mtu kwenye pipa la vioo, ilhali Afrika Mashariki chupa hiyo hurudishwa dukani, huoshwa na kujazwa tena, na kuivunja ili iyeyushwe ni kuishusha thamani. Vivyo hivyo, mbunifu anayeshughulikia plastiki peke yake huwa amesahau kwamba zaidi ya nusu ya taka za nyumbani katika miji ya Afrika Mashariki ni taka zinazooza, na kwamba ganda moja la embe likilowesha boksi humfanya mnunuzi wa karatasi alikatae. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya Kenya ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza; programu nzuri huanzia hapo hapo, jikoni.

Kuhusu zawadi, swali ni moja: kinacholipiwa ni nini? Programu inayotoa alama kwa kila picha ya chupa hupata picha nyingi, wala si lazima ipate chupa. Malipo yanayofuata mizani, baada ya maji kumwagwa na taka kuchambuliwa, na yasiyomnyang'anya riziki mwokotaji anayepita mitaani na kiroba chake, ndiyo yenye maana, na yakifika kwa pesa za simu mtumiaji hahitaji kuelezwa zaidi.

Mengine ni ya kawaida kwa programu yoyote: iwe nyepesi, isile bando, ifanye kazi pasipo intaneti, na ikubali utafutaji kwa majina yanayotumika nyumbani, kama kiroba au ndoo. Jambo dogo linalopuuzwa ni tarehe. Bei hupanda na kushuka na wanunuzi huhama, kwa hiyo kila jibu halina budi kuonyesha lilithibitishwa lini mara ya mwisho. Mkaguzi akikuta jibu lisilo na tarehe, achukue kitu kilekile akipeleke kwa mnunuzi wa karibu mwenye mizani, kisha alinganishe atakachoambiwa na kilichoandikwa kwenye simu.