Afishi ya Filamu ya Hofu: Kuonyesha au Kuficha?

Wakristu wakituuliza juu ya filamu za hofu, mara nyingi tunajibu upesi: msiende kuzitazama. Jibu hilo ni fupi, lakini halifundishi macho. Hata asiyeingia katika sinema ameiona afishi yake. Basi inafaa tuulize: afishi hiyo inafanya kazi namna gani, na inatufundisha nini?

Kazi yake ni moja: kusimamisha mtu mwenye kupita, kusudi atoe feza zake na kuingia. Haina nafasi ndefu kama mhubiri. Kwa kazi hiyo tunaona njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuonyesha yote. Katika nchi ya Ghana, miaka ya 1980 na 1990, watu walibeba video, televisheni na mashine ya umeme toka mji hata mji. Wachoraji waliwatengenezea afishi kubwa kwa mkono, juu ya magunia ya unga yaliyoshonwa pamoja. Humo mna damu, nyoka na vichwa vilivyokatwa; tena mara nyingi mna mambo yasiyoonekana kamwe ndani ya filamu. Wengine wanazicheka. Sisi hatuzicheki: mafundi wale walijua rangi na walijua watu wao. Lakini macho yakiisha kuona yote, roho haina swali tena. Mtu ameshiba akiwa bado mlangoni.

Njia ya pili ni kuficha. Chukueni afishi ya Jaws, filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 1975. Roger Kastel alichora mwanamke anayeogelea, na chini yake papa mkubwa anapanda, kinywa wazi. Mwanamke hajui, sisi tunajua. Kati ya meno na mwili kuna maji kidogo, na hofu yote inakaa ndani ya maji yale. Mchoraji hakuchora kifo. Alichora dakika iliyo mbele ya kifo, akatuachia sisi kumaliza.

Lakini afishi inayotugusa zaidi sisi mapadri ni ile ya The Exorcist, filamu ya William Friedkin iliyotoka mwezi wa Desemba 1973. Aliyeitengeneza ni Bill Gold, ambaye alitengeneza pia afishi ya Casablanca mwaka wa 1942. Ni usiku, kuna ukungu na taa ya njiani. Padri Merrin amesimama mbele ya nyumba, kofia kichwani, mfuko mkononi, mweusi kama kivuli. Toka dirisha la juu mwanga unamwangukia. Shetani hayumo, na mtoto mgonjwa hayumo. Friedkin alisema kwamba picha hiyo ilitoka katika michoro ya Mbelgiji René Magritte iitwayo L'Empire des lumières: chini nyumba ya usiku na taa yake, juu mbingu ya mchana.

Sisi tunashika neno hili: afishi hiyo inasema ukweli kuliko filamu yenyewe. Ndani ya filamu uovu una uso, una sauti, una matapishi ya rangi ya majani, na kichwa cha mtoto kinageuka nyuma. Mambo hayo yanashtua mara ya kwanza. Mara ya tatu yanachekesha. Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba uovu hauna uzima wake wenyewe. Ni upungufu wa wema, kama vile ugonjwa ni upungufu wa afya. Kitu namna hiyo kitachorwaje? Bill Gold hakukichora. Aliacha dirisha tu.

Mtu atatupinga: mwanga unatoka chumba cha pepo, na padri yuko gizani, je, si kugeuza Injili? Pingamizi hilo ni zito, na sisi wenyewe tulilishika zamani. Lakini tazameni vizuri. Mwanga ule ni baridi, na mtu anayeangukiwa nao anakuwa kivuli. Mtume Paulo aliwaonya Wakorinto kwamba Shetani anajua kujivika mwanga. Tena padri hakimbii. Ataingia, atatoka namna gani, hatujui, na swali hilo ndilo linalotuvuta.

Kuna jambo lingine, na kwetu Kongo ndilo kubwa. Uso wa mtoto haumo katika afishi ile. Katika miji yetu watoto wengi wameitwa wachawi, wakapigwa, wakafukuzwa nyumbani, hata ikalazimu sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto ikataze kuwashitaki hivyo. Watu wale walitaka uovu uwe na uso, kusudi waweze kuunyoshea kidole, wakachukua uso wa mdogo asiye na wa kumtetea. Filamu ilitia uovu juu ya uso wa mtoto, na wengi wamekumbuka uso ule tu. Afishi ilikataa. Yaonyesha nyumba yenye mgonjwa, na mtu anayekuja kumsaidia.

Ndiyo maana hatuwaambii wanaseminari kugeuza uso. Tunawaambia: simameni mbele ya afishi na muulize ni nani amefichwa, ni nani ameonyeshwa, na sababu gani. Kesho mama mmoja atawaletea mtoto wake, akisema kwamba majirani wameona pepo machoni pake. Siku ile itawapasa kujua kutazama.