Kurekebisha, Kubadili au Kugeuza? Lugha ya Mabadiliko ya Katiba Ikitazamwa kutoka Sakania

Utangulizi

Katika Kiswahili, maneno "katiba" na "desturi" yana historia inayostahili kuzingatiwa. La kwanza limetokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kuandika. La pili, lenye asili ya Kiajemi, Waarabu hulitumia hadi leo kwa maana ya sheria kuu ya nchi, ilhali Waswahili wamelibakiza katika maana ya mazoea. Hivyo, kwa Mswahili, katiba ni kilichoandikwa, na desturi ni kinachorudiwa. Tofauti hiyo inafaa kuwa ufunguo wa kuisoma historia ya kikatiba ya Kongo, ambako maandishi yamebadilishwa mara nyingi, lakini mazoea ya kuyabadilisha hayajabadilika sana.

Makala haya yanahakiki msamiati unaotumika kueleza mabadiliko hayo, kwa kuchukua mfano wa Sakania, mji wa mpakani ambao reli kutoka kusini ilifika mwaka 1909, na ambao jina la mkoa wake limetegemea kalamu ya watunga katiba.

Maandishi na Mazoea

Sheria ya Msingi ya tarehe 19 Mei 1960 ilitungwa na Bunge la Ubelgiji. Mwezi Juni mwaka huohuo, hata kabla ya uhuru wa tarehe 30, Bunge hilo liliibadilisha ili chama cha Conakat kiweze kuunda serikali ya mkoa wa Katanga licha ya wapinzani wake kususia kikao. Kwa hiyo, Wakongo walikuwa bado hawajajitawala, na tayari kanuni ilikwisha kukatwa ikalingana na haja ya siku. Ikafuata Katiba ya Luluabourg ya 1964, kisha ile ya Mobutu ya 1967, ambayo mabadiliko ya 1974 yalikifanya chama cha MPR kuwa taasisi pekee ya nchi. Baada ya hati kadhaa za mpito, wananchi waliikubali katiba ya sasa kwa kura ya maoni ya Desemba 2005, nayo ikatangazwa rasmi tarehe 18 Februari 2006.

Ibara ya 2 ya katiba hiyo iliitaja mikoa 25 pamoja na jiji la Kinshasa. Miongoni mwa mikoa hiyo ni Haut-Katanga, ambamo Sakania imo. Ibara ya 226 iliweka muda wa miezi 36, tangu taasisi mpya kuanza kazi, ili mgawanyo huo utekelezwe. Muda ulipita bila utekelezaji. Sheria ya tarehe 20 Januari 2011 ilibadilisha ibara nane kwa pamoja. Kati ya hizo, ibara ya 226 iliondolewa ukomo wa muda, na ibara ya 71 ikaufanya uchaguzi wa Rais kuwa wa duru moja badala ya mbili. Uchaguzi wenyewe ulifanyika tarehe 28 Novemba mwaka huohuo. Sakania ilibaki Katanga hadi mwaka 2015, ingawa katiba ilikuwa imekwisha kuipa mkoa mwingine tangu 2006.

Uzito wa Kitenzi

Tendo la Januari 2011 liitweje kwa Kiswahili? Istilahi iliyozoeleka ni "marekebisho". Lakini kurekebisha ni kukiweka sawa kilichopinda au kutengeneza kilichoharibika. Anayesema "marekebisho" amekwisha kukiri kwamba palikuwa na kasoro, na kwamba fundi ameiondoa. Hukumu imetangulia ushahidi. Kuhusu ukomo wa miezi 36, mtu aweza kudai kwamba haukuwezekana, na hivyo ulihitaji kurekebishwa. Kuhusu duru mbili za uchaguzi, ilidaiwa kuwa gharama ni kubwa. Hata hivyo, ng'ambo ya mpaka, hatua chache kutoka Sakania, Zambia ilikwenda kinyume: mwaka 2016 iliweka sharti la mshindi wa urais kupata zaidi ya nusu ya kura. Jambo moja haliwezi kuwa upotofu upande huu wa mpaka na unyofu upande wa pili kwa sababu tu limeitwa marekebisho.

Kitenzi "badili" hakina upendeleo huo, kwani husema tu kwamba kimoja kimeshika nafasi ya kingine. "Geuza" nacho huelekea lawama, na jamaa yake "kigeugeu" ni shahidi. Tanzania imewahi kukumbana na tatizo hili: sheria ya mwaka 2011 ambayo jina lake la Kiingereza huzungumzia mapitio, kwa Kiswahili iliitwa Sheria ya Mabadiliko ya Katiba. Kupitia si lazima kubadili. Msomaji wa Kiswahili aliahidiwa zaidi ya alichoahidiwa msomaji wa Kiingereza.

Si mchezo wa maneno. Ibara ya 220 ya katiba ya Kongo inakataza marekebisho yoyote kuhusu, miongoni mwa mambo mengine, idadi na urefu wa vipindi vya Rais. Tangu Rais Tshisekedi alipotangaza mjini Kisangani, Oktoba 2024, kusudi la kuunda tume ya kuitazama katiba, swali limekuwa hilohilo: je, kilichokatazwa kurekebishwa chaweza kupatikana kwa kuandika katiba nyingine? Ni haki ya kila kizazi kujiandikia sheria yake, na hoja hiyo ina uzito. Lakini haki hiyo hutumika vyema pale tu mwenye haki anapoelewa anachoombwa.

Hitimisho

Ibara ya 218 inawapa wananchi 100,000 uwezo wa kuanzisha marekebisho kwa ombi lililotiwa saini. Ibara ya 142 inaitaka Serikali izisambaze sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo, katika siku 60. Ahadi ya kwanza haina nguvu pasipo ya pili. Inapendekezwa basi kwamba wafasiri waite shughuli ya kuchunguza "mapitio", waite tendo lenyewe "mabadiliko", na neno "marekebisho" waliweke akiba kwa kasoro iliyokwisha kuthibitishwa. Ibara ya 220 nayo ifasiriwe kwa neno pana kiasi cha kutompa mtu mlango wa nyuma. Mkazi wa Sakania, ambaye kwa miaka kadhaa mkoa wake uliishi katika karatasi tu, anastahili kuambiwa waziwazi kama sheria yake inanyooshwa au inapindwa.