Sofirn SP10 Pro: Tochi ya Mfukoni Inayoijua Rangi Nyekundu

Imefika! Sofirn SP10 Pro imetoka kwenye boksi, iko mkononi, na naandika haya huku kidole cha mkono wa pili kikirudi kwenye swichi kila baada ya sentensi. Ni tochi ndogo nyeusi ya alumini inayotumia betri moja tu, tena ile ile ya AA inayoendesha saa ya ukutani. Ukiifumbata inapotelea kiganjani. Ukiitia mfuko wa shati, shati halivutiki. Halafu unabonyeza haraka mara mbili, na ukuta wa jirani ng'ambo ya uwanja unawaka mweupe, tofali kwa tofali. Jamani, kitu kidogo hivi!

Lakini si ukali huo ulionifanya nikae chini kuandika. Kampuni ya Shenzhen inayoitengeneza inasema inafika lumeni 900, na nitalirudia jambo hilo, kwa sababu lina masharti yake. Kilichoniteka ni rangi. Ninaamini kabisa kwamba tochi ya kubeba kila siku inapimwa kwanza kwa ukweli wa rangi inazoonyesha, na kwa upole wa mwanga wake wa chini kabisa. Namba kubwa ya kwenye boksi inakuja nyuma sana. Na hii hapa, kwa tochi iliyo miongoni mwa zile za bei nafuu ambazo wapenzi wa tochi wanazizungumzia, imefaulu yote mawili kwa namna iliyonishangaza.

Nimeipeleka moja kwa moja kwenye mtihani ninaoujali: kopo la resista zilizochanganyika. Mafundi redio mnaijua taabu hii. Resista ya omu 220 ina mistari miwili myekundu na mmoja wa kahawia. Ya omu 330 ina miwili ya rangi ya chungwa na mmoja wa kahawia. Mchana hakuna ubishi. Usiku, chini ya tochi ya kawaida yenye mwanga wa kibuluubuluu, nyekundu inafifia, chungwa inachuja, kahawia inakaribia nyeusi, na fundi anaishia kuchukua mita na kupima moja baada ya nyingine. Nimezimwaga mezani, nikazima taa ya chumbani, nikawasha SP10 Pro kwa mwanga wa kiasi. Zikajitenga zenyewe! Nyekundu ilikuwa nyekundu ya kweli, yenye damu ndani yake, na chungwa ikakaa pembeni yake bila kujifanya ndugu yake. Nimezichambua kwa macho matupu mpaka kopo likaisha, kisha nikapitisha mita juu ya chache nilizozitilia shaka. Zote zilikuwa mahali pake.

Nikaenda jikoni. Mtu yeyote aliyewahi kununua samaki jioni, giza likiwa limeingia na muuzaji ameshika tochi yake, anajua kwa nini tunafunua mashavu: mekundu, samaki ni wa leo, yakiwa ya kahawia, mwachie mwenyewe. Sasa, chini ya tochi isiyo na nyekundu, mashavu yote yana rangi moja ya kijivujivu na mnunuzi anakisia tu. Nimemmulika changu niliyekuwa naye kwa tochi yangu ya zamani, halafu kwa hii. Kwa ya zamani nilimwona samaki. Kwa hii niliona mashavu mekundu yanayong'aa unyevu, waridi laini la ngozi, na mstari mwembamba wa damu kando ya mwiba ambao dakika moja kabla haukuwepo kabisa machoni pangu. Samaki ni yule yule, meza ni ile ile!

Tofauti hii ina sababu, na sababu yenyewe inavutia. Taa nyeupe ya LED kwa asili yake si nyeupe. Ndani kuna kipande kidogo kinachotoa mwanga wa buluu, kazi iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Juu ya kipande hicho hupakwa fosfori inayoigeuza sehemu ya ile buluu kuwa njano. Buluu na njano zikikutana, jicho linasema nyeupe. Nyekundu inabaki kidogo. Ukiitaka, lazima uongeze fosfori ya aina nyingine, na hapo ndipo biashara inapoingia: lumeni hupimwa kwa kadiri jicho la binadamu linavyouhisi mwanga, na jicho letu huihisi kijani na njano kwa nguvu kuliko nyekundu. Kila unapoongeza nyekundu, namba ya lumeni inashuka. Mtengenezaji anayetaka namba nene kwenye boksi anaitoa nyekundu sadaka, na sisi tunabaki tunakisia mashavu ya samaki.

Wataalamu hupima jambo hili kwa kipimo cha CRI, ambacho kilele chake ni 100. Tochi nyingi za kawaida zinazunguka kwenye 70. Ndani ya SP10 Pro kuna LED ya Samsung iitwayo LH351D, yenye CRI ya 90, na weupe wake ni wa kelvini 5000, yaani karibu na mwanga wa jua la mchana, haujaelemea kwenye buluu wala kwenye manjano ya taa za zamani. Kuchagua LED hii ni kukubali kupoteza lumeni kadhaa ili mtu aone vizuri. Nawapongeza kwa moyo wote, na natamani kila anayeuza tochi angefanya uamuzi huo huo.

Tuje kwenye mwanga wa chini, na hapa naomba univumilie kwa sababu ninaupenda sana. Tochi ikiwa imezimwa, ukibonyeza swichi ya ubavuni na kuendelea kuishikilia, inaanza na mwanga hafifu mno, mwanga wa kuonea tu mahali pa kukanyaga. Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza sawasawa, na tochi kali inaiharibu kazi hiyo yote kwa mpepeso mmoja. Hii haiharibu. Unaingia ndani ya chandarua kumsaka mbu aliyejipenyeza, mtoto amelala pembeni, na hakuna anayeamka. Unasoma jina kwenye chupa ya dawa bila kufumba macho kwa maumivu. Kuanzia hapo, ukiwa kwenye mpangilio wa ndani wa programu yake, unaendelea kushikilia na mwanga unapanda bila ngazi, laini, mpaka kiwango unachokitaka. Ukiachia na kushikilia tena mara moja, unashuka. Nimekuwa nikiupandisha na kuushusha kwa raha tupu.

Programu hiyo inaitwa Anduril, na toleo lake la pili ndilo lililomo humu. Imeandikwa na mwanaprogramu anayejulikana kama ToyKeeper, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha. Fikiria: ndani ya kitochi cha betri moja kuna programu huria inayotumiwa na makampuni mbalimbali na kurekebishwa na wapenzi wa tochi wenyewe! Bonyeza mara 3 tochi ikiwa imezimwa, nayo inakuambia hali ya betri kwa kupepesa: mara 4, kimya kidogo, kisha mara 1, maana yake volti 4.1. Hakuna kioo wala namba, na bado unaelewa. Ukiingia kwenye mpangilio wa ndani kuna hata mwanga unaochezacheza kama wa mshumaa. Umeme ukikatika, isimamishe mezani ikimulika dari nyeupe, na chumba kizima kinapata mwanga mtulivu usio na moshi wala hatari ya pazia kushika moto. Kwenye nyumba isiyo na dari, bati halirudishi mwanga vizuri hivyo; tundika kitambaa cheupe juu ya tochi na mambo yanabadilika.

Ni kweli kwamba Anduril inataka kufundishwa vidoleni. Inapofika mkononi iko kwenye mpangilio rahisi, na huo unamtosha mtu yeyote: bonyeza mara moja iwake, mara moja izime, shikilia upate mwanga wa chini. Kwenda kwenye mpangilio wa ndani unabonyeza mara 10 na ule wa kumi unaushikilia. Wengine wataona ni vurugu. Kwangu huu ni ukarimu, kwa sababu bibi anaweza kuitumia bila kufundishwa lolote, na mjukuu wake mdadisi akaichimba mwezi mzima.

Sasa lile la lumeni 900. Namba hiyo ni ya betri ya lithiamu ya 14500, ambayo umbo lake ni sawa na AA: jina lenyewe linakupa upana wa milimita 14 na urefu wa milimita 50. Ukitia AA ya kawaida, tochi inawaka vizuri, ila kilele chake kinashuka. Na hata ukiwa na lithiamu, mwili huu mdogo hauwezi kukaa kwenye kilele kwa muda mrefu. Alumini inapata moto upesi sana, unaisikia kwenye vidole, na programu inapunguza mwanga yenyewe ili isijiunguze. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Vipimo vinavyotumika na kampuni nyingi, vilivyotoka mwaka 2009 kwa jina la ANSI FL1, huhesabu lumeni muda mfupi tu baada ya kuwasha, kwa hiyo kila tochi ndogo inayotangaza kilele kikubwa inakuonyesha mwanzo wake. Umbali nao una siri yake: ikiandikwa mita 100, maana yake ni kwamba kwenye mita 100 mwanga unaofika ni wa luksi 0.25, karibu na ule wa mwezi mpevu. Kwa kuona kitu na kukitambua, hesabu nusu ya umbali huo. Hapo mwanga unakuwa mara 4 zaidi.

Habari njema ni kwamba jicho halihesabu kama boksi linavyohesabu. Ili mwanga uonekane maradufu unahitaji takriban mara 4 ya lumeni, kwa hiyo anguko kutoka kwenye kilele hadi robo yake halikuachi gizani. Kwa njia ya nyumbani, kwa kuangalia injini, kwa kutafuta ufunguo ulioangukia chini ya kiti cha daladala, viwango vya kati ndivyo utakavyoishi navyo, na viwango hivyo hata AA inaviweza bila shida.

Na AA ndiyo inayonifanya niikumbatie kabisa! Tochi nyingi za kisasa zina tundu la kuchajia. Hii haina, na nafurahi. Hakuna tundu maana yake hakuna mlango wa vumbi, wala kifuniko cha mpira kinacholegea na kuchanika. Betri ikiisha ukiwa safarini, duka lolote la kijijini lina nyingine. Mwenye nia ya kuitumia kila siku achukue AA za kuchaji za nikeli, kwa sababu zile za kutupa zina tabia ya kuvujia ndani zikisahauliwa. Na hesabu yake inapendeza: nikeli nzuri ya milliampea-saa 2000 kwa volti 1.2 inabeba wati-saa 2.4, lithiamu ya 14500 yenye 900 kwa volti 3.7 inabeba kama 3.3. Lithiamu inashinda, ndiyo, lakini si kwa umbali ambao wengi wanadhani. Inachokuongezea zaidi ni nguvu ya kutoa mwanga mwingi kwa mara moja.

Mkienda kutafuta hizo za lithiamu, angalieni maandishi kwa makini. Betri halisi ya ukubwa huu huwa na milliampea-saa 800 hadi 1000 hivi. Iliyoandikwa 3000 au 5000 ni uongo uliochapishwa kwa rangi nzuri, na mtu anayedanganya kwenye uwezo simwamini kwenye usalama. Chaja nayo iwe ya lithiamu hasa. Chaja ya nikeli isiguswe kabisa kwa betri hiyo.

Klipu inakaza vizuri kwenye mfuko wa suruali. Swichi inapatikana gizani bila kutafuta sana, ila imekaa ubavuni, na ufunguo ulio kwenye mfuko huo huo unaweza kuikandamiza. Tochi inayowaka mfukoni kwa nguvu zote inaweza kukuunguza, kwa hiyo usilipuuze hili. Dawa yake iko ndani ya programu: bonyeza mara 4 ikiwa imezimwa, inajifunga, mara 4 tena, inafunguka. Unaweza pia kulegeza kifuniko cha nyuma robo mzunguko na kukata umeme wote.

Kwa yule anayewinda umbali mrefu, mlinzi wa shamba kubwa au mvuvi anayetafuta boya, siipendekezi hii. Achukue tochi yenye kichwa kipana na betri nene. Kwa wengine wote, fundi, muuguzi wa zamu, mama mwenye mtoto mchanga, dereva wa bodaboda, agizeni! Mkiagiza, hakikisheni ni toleo la LH351D la kelvini 5000, chukueni 14500 moja kwa ajili ya siku za kujionyesha, mbili za nikeli kwa kazi za kila siku, na mfundisheni kila mtu nyumbani ile namna ya kuifunga kwa kubonyeza mara 4 kabla haijaingia mfukoni mwa mtu.